"The" imenidhalilisha mbele ya watu, na yule mnamjua

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule mtu wetu wa kalamu nyekundu, simtaji, kila ofisi inaye wake. Tuliambiwa kila mmoja ajitambulishe kwa sentensi chache za Kiingereza. Nikaandika zangu vizuri tu: "I am the good writer." Jamaa akairusha ukutani kwa projekta, maandishi makubwa kama bango la mkutano wa hadhara. Akasoma polepole: "THE good writer." Akanyamaza. Akatuangalia mmoja mmoja. "Kumbe sisi wengine wote wabovu."

Watu walicheka mpaka kiti kikaanguka.

Herufi tatu jamani! Mimi nilijua the ni heshima, unaivisha nomino isitembee uchi. Sentensi ya pili nikajihami, nikaandika "I wrote report." Akauliza, "Ripoti imekuwa maji, haihesabiki?" Nikaweka the. "Ipi? Ulishatuambia habari zake?" Nikaweka a, akakubali. Mstari wa chini, ripoti ileile, akafuta a akaweka the! Eti sasa tunaijua. Akuna binadamu anayezoeana na mtu haraka hivyo.

Nikamuuliza kanuni. "Ukizoea utasikia tu." Nilichosikia mimi ni vicheko. Na kule kunyamaza kwanza, kabla ya "wote wabovu", ndiko kulikoniua.

Kalamu Kavu: Shikamoo the good writer. Sisi wabovu tumekusoma.

Mleta mada: Nilijua tu.

Binti Nukta: Pole ndugu yangu. Mimi wameniua kwenye ramani. The Nile, sawa. Lake Victoria, haina. The Alps inayo, Mount Kilimanjaro kichwa wazi. The Gambia imepewa, Zambia imenyimwa. Nani alikuwa anagawa?

Jirani wa Pembeni: Afadhali nyie. Nilimwandikia bosi kumtia moyo: "Few people like your ideas." Nia yangu ilikuwa kwamba wapo wanaozipenda. Kumbe bila a mbele ya few umemwambia karibu hakuna. Mpaka leo tunapishana kwenye korido kama hatujuani.

Mleta mada: Wewe angalau hukuwekwa ukutani. THE good writer, kisha kimya. Kimya!

Mpita Njia: Mnalia na the wakati in na on zipo? Kwenye gari dogo uko in, kwenye basi uko on. Kwani nimepanda juu ya paa?

Kalamu Kavu: Na an hour, lakini a university. Hii angalau ina kanuni: unafuata sauti, si herufi.

Mzee wa Ngeli: Mnavyojifanya Kiswahili hakina mambo hayo! "Nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu", ni sawa? Hiyo -ki- inamwambia msikilizaji kitabu anakijua. Mnaitia kila siku bila kufundishwa.

Bibi Sarufi: Tena mleta mada, "akuna" ndiyo nini? Unalilia herufi tatu za wenzio, moja yako umeiacha wapi?

Mpita Njia: Hahaha! Hapo umegusa penyewe. Kuna mmoja kwenye kundi letu katangaza "tupige kula".

Binti Nukta: Na wale wa "xaxa"?

Jirani wa Pembeni: Wa xaxa wafungiwe.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada. Yule mtu kasema mbele ya watu wote...

Bibi Sarufi: Subiri kwanza, tuko kwenye xaxa.