Naomba ushauri: urea imeua vinundu vya maharage? (Kibosho, Moshi)

Wakuu, salaam. Shamba ni ekari 1, mahindi yamechanganywa na maharage. Misimu minne mfululizo imeingia urea mifuko 2 ya kilo 50, yaani kilo 46 za nitrojeni kila msimu. pH (kipimo cha asidi ya udongo) sasa ni 5.2, yaani udongo una asidi. Uking'oa maharage yakiwa kwenye maua, vinundu (vile vivimbe vya mizizini wanamoishi bakteria wanaoupa mmea nitrojeni) ni vya kuhesabu, na ukivipasua ndani ni vyeupe au kijani badala ya wekundu. Hao bakteria hawafanyi kazi.

Ninavyoelewa, mmea ukikuta naitreti (nitrojeni iliyo tayari kufyonzwa) tele udongoni hauhangaiki kuwalisha sukari bakteria wa mizizini. Halafu bakteria wengine wa udongoni wanaogeuza amonia ya urea kuwa naitreti huacha asidi, pH inashuka. Kuvu wa mizizini wanaoleta fosforasi nao hupungua, na udongo wetu huu wa volkano unavyoing'ang'ania fosforasi, hapo ndipo panauma zaidi.

Nafikiria kushuka hadi mfuko 1, mstari wa mahindi tu, nusu yake katika wiki ya 3 na nusu nyingine katika wiki ya 6, ifukiwe sentimita 5 maana ikiachwa juu inapaa. Mabua hayachomwi.

Wenye uzoefu: chokaa ya kupunguza asidi itangulie urea kwa wiki ngapi, ili nitrojeni isipotee hewani? Mbolea ya CAN (kalsiamu amonia naitreti) ingefaa zaidi kuliko urea kwa pH hii? Na chanjo ya rizobia (hao bakteria wa vinundu) ya maharage (ya soya haifai) inapatikana duka gani Moshi au Arusha, tena iliyotunzwa penye ubaridi?