Mjadala: Mashine ikiongea vizuri, ina fahamu?

Mwanzisha mada, Jinja:
Jana kwenye siteji ya boda kijana mmoja alisema programu anayoongea nayo kwenye simu ina fahamu, maana inamwelewa kuliko wenzake. Nimelala nikiiwaza. Mimi nakataa, na nakataa kwa moyo wote.

Lugha yetu inatuchanganya: kufahamu swali ni jambo moja, kuwa na fahamu, yaani kuhisi ndani mwako, ni lingine. Shangazi yangu aligongwa na boda, akalala siku kumi na moja macho yamefumba. Tukaongea pale kitandani kana kwamba hayupo. Alipozinduka alitutajia nani alilia na nani aliulizia shamba. Kujibu hakuweza hata kwa kidole, lakini alikuwepo. Jambo hilo lilishapimwa: mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake wa Cambridge walimwambia mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu tangu ajali awaze anacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga miondoko ikafanya kazi kama ya mtu mzima wa afya.

Kama fahamu yaweza kuwepo bila neno, maneno matupu yatakuwaje ushahidi? Programu hizi zimelishwa maandishi ya watu wanaoogopa na kuumwa. Zikisema "naogopa", zinaturudishia yetu. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alidai programu ya kuongea ya LaMDA ina hisia, na alichoshikilia ni mazungumzo.

Mwalimu, Mbale:
Pole kwa shangazi, dada. Ila mfano wako unatuambia tutazame ndani. Mwanasaikolojia Bernard Baars alieleza mwaka 1988 kwamba fahamu ni habari moja kutangaziwa akili nzima, na mimi huwaza kizindalo cha kijijini, yaani kipaza sauti cha matangazo, kikisema kila nyumba inasikia. Huo ni mpangilio, si nyama. Mpangilio ukijengwa kwenye mashine, tutakataa kwa hoja gani?

Mwanzisha mada:
Kizindalo kinasema, mwalimu, lakini nani anasikia? Hapo ndipo mwanafalsafa David Chalmers alipotia kidole mwaka 1995: eleza kazi zote za ubongo, bado hujaeleza kwa nini kuna kuhisi. Mtafiti wa ubongo Giulio Tononi anakwenda mbali zaidi. Kwake kompyuta za kawaida, kwa jinsi zilivyoungwa, karibu hazina fahamu hata zikiiga ubongo wote. Sisemi haitawezekana kamwe. Lakini ukiijenga hiyo mashine yako, na ulimi tumeshaukataa kuwa shahidi, utaipima kwa nini?