Naomba ushauri: uji wa saruji unatukimbia kwenye miamba juu ya mgodi

Wakuu, habari zenu. Tunajaza mianya iliyoachana kati ya matabaka ya mwamba juu ya mgodi wa chini ya ardhi, ili ardhi ya juu isititie. Shida ni kwamba uji hautulii tunapoutaka. Geji ya presha inapanda vizuri, halafu ghafla inaanguka huku pampu ikiendelea kusukuma uji. Baadaye tunaona maji ya kijivu yakidondoka kwenye paa la njia ya chini, na huko kuna watu kazini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ninavyoelewa, uji mzito husimama mapema, na ufa ukiwa mpana maradufu, kwa presha ileile uji huohuo hufika karibu mara mbili ya umbali. Lakini tukiuzidisha uzito, nyufa nyembamba zinabaki tupu.

Je, nianze na matundu ya kusukumia uji yaliyo pembeni, kwa uji mzito wenye silikati ya sodiamu (kemikali ya kuugandisha haraka), ujenge ukuta, ndipo nijaze katikati kwa uji mwepesi? Au nisukume kwa vipindi, uji ugande kidogo kabla ya kuendelea? Na presha ikianguka, mnasimamisha pampu papo hapo?