Mbege kwa mtoto wa miaka 15, ni mila au tunamuumiza?

Mama wa Kibosho:
Wakuu tujadili bila kutukanana. Desemba watu wanapanda Marangu, Rombo, Kibosho, na lazima utaona kijana wa form two kashikishwa kata nzima ya mbege, ile pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi, na mjomba wake anamwambia "kunywa, hii chakula". Mi napinga. Sio mila napinga, napinga kata ya pili na ya tatu.

Kuna ile kumbukumbu ya kushika kitu kichwani kwa muda mfupi ukifanyie kazi, kama umetumwa dukani chumvi, kiberiti na sukari nusu, na chenji irudi buku. Wataalamu wamewapima tumbili aina ya rhesus, taa ndogo inawaka kwenye skrini inazimwa, tumbili anasubiri kidogo halafu aangalie pale ilipokuwa. Wakapimwa wakiwa wanabalehe, wakapimwa tena wakiwa wazima, na wakiwa wazima walipatia zaidi, tena seli za ubongo wa mbele, hapa nyuma ya paji, zilifanya kazi kwa nguvu zaidi wakati taa imeshazimwa. Yaani kwenye kubalehe waya bado zinaungwa, ndo maana naogopa kumjazia pombe umri huo. Kwa binadamu inaenda mpaka miaka 20 na kitu.

Mangi wa Juu:
Dada, tumbili sio Mchaga. Babu yangu kanywa tangu kijana na ng'ombe wake anawajua wote bila daftari. Mtoto akizidisha si atayumba alale, mwili wenyewe utamwambia basi.

Mama wa Kibosho:
Mangi mpe babu shikamoo yangu, ila hilo la mwili kumwambia basi ndo linanitisha kuliko yote. Panya wa umri wa kubalehe, wiki ya nne mpaka ya nane hivi, wakipewa pombe hawayumbi wala hawasinzii haraka kama panya wazima, kwa hiyo wanaweza kuendelea kunywa tu, na huku kujifunza na kukumbuka ndo kunavurugika zaidi kuliko kwa wakubwa. Sawa, panya wanapewa nyingi, sio kuonja, ndo maana nasema babu ambariki mtoto, aonje, kata irudi kwa wazee.

Mwaka jana mwanangu alikuwa anacheza muziki vizuri kabisa kila mtu anamsifia kaweza, ghafla hayupo, tukamkuta kalala kwenye migomba hajui hata nani kamtuma nini. Watu wazima wakacheka. Mwaka huu mjomba wake nimeshampigia simu, kama ni kukosana tukosane.