Tupeane uzoefu: Umewahi kwenda kwenye magofu ya pwani na wazee na watoto pamoja?

Mama Wawili, Tabata

Habari zenu wapendwa. Jumamosi iliyopita tulikwenda Bagamoyo ukoo mzima, watu kumi na moja ndani ya Hiace ya kukodi, bibi yetu mzaa mama kiti cha mbele. Pilau tulilipakia alfajiri, na vitumbua vya njiani. Nilikuwa nimepanga mengi: Boma la Wajerumani, Ngome Kongwe, misheni ambako mwili wa Livingstone uliwekwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Kote tulipita, ila mbiombio. Kilichotushika ni Kaole, magofu ya mji wa kale yenye misikiti na makaburi, kama kilomita 5 kusini mwa mji.

Wanangu kushuka tu kwenye gari, mbio, juu ya kaburi, wapigwe picha. Bibi akapaza sauti: "Shukeni hapo! Hamjawaamkia wenyewe mshawakanyaga?" Akavua kandambili, akawatolea salamu waliolala pale kama afanyavyo makaburini kwetu, akasoma Fatiha polepole. Kijana aliyekuwa akitutembeza alinyamaza, akamsubiri amalize. Kuanzia hapo sikuhitaji tena kumkanya mtoto.

Mdogo wangu wa mwisho akauliza bahari imekwenda wapi, maana alisikia hapa palikuwa bandari. Tukaonyeshwa mikoko: tope lilijaa, mikoko ikaota, majahazi hayakuweza tena kufika, biashara ikahamia Bagamoyo. Kisha bibi akampitisha mkono kwenye vishimo vya mviringo vya nguzo ya kaburi, palipopachikwa mabakuli ya Kichina. Akasema mama yake naye alikuwa na sahani moja ya kale, na watoto hawakuruhusiwa hata kuifuta vumbi.

Mimi Kaole nilipelekwa nikiwa shule. Nikaandika karne kwenye daftari, nikafaulu mtihani. Kwamba mle wamelala watu, na kwamba unapoingia unabisha hodi, nimejifunza Jumamosi nikiwa na miaka 38.

Nani mwingine amekwenda na mzee wake? Alisema nini?

Mjukuu wa Kuze, Mombasa

Dada, umenikumbusha babu yangu, Mungu amrehemu. Sisi Ngomeni, yaani Fort Jesus, twapaona kila siku. Watoto wajua kuwa Wareno walianza kujenga mwaka 1593, na kwamba Waomani waliizingira ngome karibu miaka mitatu hadi wakaitwaa 1698. Lakini babu hakuwa akiingia. Kila tulipopeleka wageni yeye hubaki nje chini ya kivuli, asema miguu yamuuma.

Siku moja binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akamshika mkono akamwambia, "Babu, twende mimi na wewe tu." Akaenda. Kufika uani akasimama, akauelekea ukuta. Ndipo akatwambia kwamba ndugu ya babake alifungwa mle, enzi Waingereza wameifanya jela, na yeye akiwa kijana mdogo akitumwa kuleta chakula hadi langoni. Hakuwahi kuvuka lango. Jela ilifungwa 1958, makumbusho yakafunguliwa 1962, na yeye miaka yote hiyo akipita kando.

Hatukuwa twajua. Hata mamangu, mtoto wake wa kumzaa, hakuwa ajua. Tulikaa naye pale kwenye mawe mpaka alasiri, hatukuangalia mizinga wala vyombo vya meli. Kama una mzee ambaye kuna mahali hataki kuingia, muulize taratibu, na usimuulize mbele ya watu.

Baba Zawadi, Kilifi

Sisi tulikwenda magofu ya Gede. Angalizo langu la kwanza ni kima: chapati za mama zilichukuliwa mkononi mwa mtoto, kwa hiyo kuleni kabla ya kuingia. La pili, msipite nyumba haraka. Zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani, mkasi, bakuli la Kichina, na watoto wangu walipenda kukisia nani alikuwa anaishi wapi. Kuna kaburi lina tarehe yake, 802 Hijria, ndiyo 1399. Mama alikisogelea kisima, akachungulia, akasema waliochimba hiki kwenye mwamba walikuwa na kiu ya kweli.

Bi Mkubwa wa Makunduchi

Na sisi wa Unguja tunakwenda Kizimkazi Dimbani. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo limejengwa upya baadaye, lakini watu wanasali mle hadi leo. Mume wangu aliwachukua wajukuu wa kiume wakasali adhuhuri. Mkubwa alitoka nje kimya, halafu akaniuliza: "Bibi, miaka mia tisa wanasoma Fatiha hii hii?" Nikamwambia ndiyo, hii hii. Nendeni mmejisitiri vizuri, na msiingie na makamera wakati wa sala.

Mkazi wa Lindi

Kilwa Kisiwani kwa siku moja inawezekana kwa tunaotoka Lindi, mkiwahi. Kibali huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Kosa letu sisi lilikuwa kutouliza maji. Tulikaa sana kwenye Msikiti Mkuu, mama mkwe hakutaka kutoka chini ya zile kuba, anazihesabu na kurudia. Tukashuka pwani jioni tukakuta maji yamekupwa, mashua imekaa mbali. Shemeji yangu alimbeba mgongoni tope likimfika magotini, na mama mkwe huko juu akitusimulia walivyokuwa wakivushwa hivyo hivyo utotoni. Hadithi hiyo tusingeipata maji yakiwa yamejaa, ila ninyi muulizeni nahodha mapema, hasa kama mzee wenu ana shida ya nyonga.

Mama Wawili, Tabata

Nimemsomea bibi yote haya jana usiku. Ya babu wa Kuze aliniomba nirudie. Halafu akauliza boti ya Unguja inachukua muda gani, maana ana miaka 79 na hajawahi kuvuka bahari, na anataka kusali Kizimkazi. Bi Mkubwa, upande wa wanawake upo? Nauli tumeshaanza kuchanga.