Naomba ushauri: mzee wa kundi letu la kutazama ndege

Habari zenu ndugu. Tuna kundi dogo la kutazama ndege hapa Nairobi. Asubuhi za wikendi huwa tunaingia Msitu wa Karura au City Park. Yupo mzee mmoja anayewajua ndege kuliko sisi sote, akisikia mlio tu anakutajia jina. Shida ni kwamba hapingwi. Juzi alimfokea msichana mgeni aliyekosea jina la ndege, mbele ya watu wote, mpaka binti akashusha darubini na kunyamaza njia nzima. Hajarudi.

Linaloniuma zaidi ni simu yake. Anapiga milio ya ndege iliyorekodiwa, tena kwa spika, ili watoke mafichoni. Dume akiisikia hudhani mpinzani amevamia eneo lake. Huacha kula, huja kumtafuta adui asiyekuwepo. Wakati wa msimu wa kutaga, huo ni usumbufu mkubwa. Nilimwambia kwa upole, akanijibu kwamba alianza kutazama ndege kabla sijazaliwa.

Sitaki aondoke, namheshimu na bado nina mengi ya kujifunza kwake. Mliowahi kukaa na mtu wa aina hii, mlimwingiaje? Nimtume mzee mwenzake, au tuweke kanuni ya wote kuhusu simu?