Fremu za mvule nilizopinda zinafunguka nikitoa klampu, nitumie gundi gani kali?

FundiNsambya
Wakuu, habari za kazi. Nina oda ya viti sita vya baraza hapa Kampala. Ni mtindo wa herufi C: fremu inalala sakafuni, inapinda mbele kupanda juu, halafu inapinda tena kushika kikalio. Hakuna miguu ya nyuma. Kila fremu ina tabaka 5 za mvule, kila moja mm 4, upana mm 40. Kona kwa ndani ina nusu kipenyo cha cm 10. Kalibu ni ya MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa.

Nabana usiku kucha. Asubuhi nikilegeza klampu, kona ya digrii 90 inafunguka hadi 104, na siku chache baadaye tabaka zinaachana pale pale kwenye kona. Naomba jina la gundi kali tu. Vipande 60 vya fremu zote 12 nimeshapasua na mteja ameshatoa nusu ya pesa.

RandaKali
Kama unatumia gundi nyeupe ya maji, iache kwa kazi hii. Hata ikikauka hubaki na unyumbufu, na mbao iliyopindwa inaivuta mchana na usiku, kwa hiyo tabaka huteleza polepole. Kwa kiti kisicho na miguu ya nyuma ni hatari zaidi, kwa sababu kila anayekaa anaongeza mvuto huo. Tafuta gundi ya unga ya yuria fomaldehidi, ile ya viwanda vya plaiwudi, au epoksi. Hizo zikishaganda zinabaki ngumu. Yuria ichanganye asubuhi kabla ya joto, fungua milango na vaa glavu, maana mvuke wake si mzuri kwa macho wala mapafu.

Lakini swali la gundi ni la pili. Mbao zilikuwa na unyevu kiasi gani siku ya kugundisha?

MzeeTezo
Mimi naona unene. Mtu wa kilo 100 akikaa, kila fremu inabeba 50, na mzigo uko kama cm 45 kutoka kwenye kona. Kwa ukubwa wa mm 40 kwa 20, mkazo kwenye kona unafika karibu nyutoni 84 kwa kila mm ya mraba. Mvule mkavu usio na kasoro huvunjika karibu na 90. Yaani umemkalisha mgeni wa watu kwenye kikomo cha mbao, kabla hata hajajirusha kitini! Ongeza unene hadi mm 36, mkazo unashuka hadi 26 na ugumu unapanda karibu mara 6.

FundiNsambya
Asante mzee wangu, lakini mteja alileta picha ya viti vya Ulaya na pale fremu ni nyembamba. Nikifanya mm 36 atasema si alichoagiza. RandaKali, mbao ni kavu, nimezinunua kwa wauza mbao wa Ndeeba, hapa Kampala, zikiwa kavu.

MchoraSamani
Hiyo picha inaonekana ni ya kazi za Alvar Aalto wa Ufini, miaka ya 1930. Yeye alitumia birch, mti wa nchi za baridi wenye nyuzi zilizonyooka. Mvule nyuzi zake zimesukana, safu moja inaelekea huku na nyingine kule, ndiyo maana hupasuka upande wa nje wa kona.

Na kabla yake kuna Michael Thonet, Mjerumani. Miaka ya 1830 alikuwa akigundisha tabaka nyembamba, baadaye akahamia kupinda mbao nzima kwa mvuke, na kiti chake namba 14 kikatoka 1859. Hizo ni njia mbili tofauti: ya tabaka inapindwa kavu, ya mvuke haina gundi kwenye kona.

BenchiLaJinja
Ndugu, pesa ya mtu umeshaila na huna hata fremu moja iliyosimama. Mpigie mteja leo umwambie siku zitasogea. Kumficha ni kubaya kuliko kuchelewa.

Kona90
Samahani wakuu, mimi siamini kama fremu hizi zipo. Angalieni hesabu. Ubao wa mm 4 kwenye kona ya cm 10 ni uwiano wa 1 kwa 25. Mvule mkavu ungekatika mikononi, na mtu aliyepinda kweli angekuja kulalamika kuhusu kuvunjika kabla ya kufika kwenye gundi. Pili, kwa makadirio, tabaka zilizoshikana vizuri hurudi nyuma kwa moja gawanya kwa idadi yake ikizidishwa kwa yenyewe. Tabaka 5 ni moja ya 25, yaani digrii 3 na nusu hivi. Yeye anasema 14! Ama imetungwa, ama kuna jambo halijasemwa.

BenchiLaJinja
Hata mimi nimeanza kushangaa. Weka picha, ssebo.

RandaKali
Tusimfukuze mtu. Kuachana kwenye kona baada ya siku kadhaa ni dalili ya kweli, hutokea mbao ikinywea baada ya kugundishwa. FundiNsambya, nakuuliza tena unyevu. Ulizilowesha?

FundiNsambya
Sijatunga kitu. Ndiyo, zilikuwa zinavunjika, kwa hiyo nilizichemsha kwenye pipa saa nzima, nikazipinda zikiwa moto na kupaka gundi hapo hapo. Lakini nilizifuta kwa kitambaa. Na gundi yenyewe ni ile nyeupe, ni ya maji, sasa maji kidogo yanaidhuru vipi?

RandaKali
Yanaidhuru kwa njia tatu. Gundi inakauka kwa kupoteza maji yake ndani ya mbao, na mbao iliyoshiba haiwezi kuyapokea, kwa hiyo usiku mmoja hautoshi. Maji ya mbao yanaizimua, inakamuliwa nje ukikaza klampu. Halafu mbao inakauka kwa wiki nzima na kunywea, huku mstari wa gundi dhaifu ukivutwa. Hakuna gundi ya dukani itakayookoa hilo. Na kalibu yako ya MDF imekunywa maji ikavimba, ipime upya.

FundiNsambya
Sawa, ila vipande 60 vya mm 4 siwezi kuvitupa. Mvule ni ghali.

Kona90
Nafuta shaka yangu, sasa hesabu inakubali. Usivitupe.

Tengeneza kalibu ya kukaushia kwa papi zilizoachana ili hewa ipite, usitumie MDF. Chemsha, pinda tabaka zote za fremu moja kwa pamoja bila gundi, na uziandike namba, kwa sababu kila tabaka ina mpindo wake. Zikishika umbo, zitenganishe kwa vijiti na uziache kivulini zikiwa zimebanwa. Usihesabu siku, pima uzito. Kata kipande kidogo cha masalio kilichochemshwa na kukaushwa pamoja nazo, kipime, kikaushe kwenye oveni ya digrii 103 mpaka uzito usimame. Kikitoka gramu 56 kikafika 50, unyevu ulikuwa asilimia 12. Hapo ndipo unagundisha.

Mzee ana haki kuhusu unene. Tabaka 9 za mm 4 ndizo mm 36, kwa hiyo vipande 60 vinakupa fremu 6, viti vitatu. Je, uliacha ziada kwenye urefu? Tabaka ya nje kabisa itahitaji karibu cm 5 zaidi kuliko ya ndani kwa kila kona, jumla cm 10.

FundiNsambya
Niliacha cm 15. Na vile vitatu vingine?

RandaKali
Pasua upya mm 2 kwa msumeno wa mkanda. Msumeno wa mviringo unakula mm 3 kila unapopita, zaidi ya nusu ya ubao inageuka vumbi, na vumbi la mvule linawasha ngozi na pua, vaa barakoa. Jaribu ubao mmoja kwenye kalibu kwa mkono ukiwa mkavu: ukizunguka bila kulia, unene unafaa. Ukilia, punguza. Mashine ya randa hutafuna ubao chini ya mm 3, kwa hiyo ubandike juu ya ubao mnene kwa tepu ya pande mbili.

Funika kalibu kwa nailoni. Paka yuria pande zote mbili, anza kubana katikati ya kona ukitoka nje, klampu kila cm 10. Klampu zikipungua, mpira wa ndani wa pikipiki uliokatwa utepe wa cm 5 unakaza kona vizuri ukiuzungusha kwa nguvu. Na nusu ya nje ya kalibu uikate kwa nusu kipenyo cha cm 13.6, si cm 10, la sivyo itabana ncha tu na kuacha kona wazi.

MzeeTezo
Kiti cha kwanza usikipeleke. Pima kimo cha ukingo wa nyuma wa kikalio, weka mifuko miwili ya simenti, saa 24. Ishushe, subiri saa moja, pima tena. Kimo kikirudi pale pale, endelea na vingine. Kikibaki chini hata mm 3, chunguza mistari ya gundi kwenye kona kwa kisu chembamba kabla hujagusa kiti cha pili.